Nasali lakini moyoni hakuna kitu: ni imani haba au ni uchovu?

SWALI: Shikamoo daktari. Niko mwaka wa nne wa udaktari. Miaka ya mwanzo nilikuwa mtu wa ibada sana, na hadi leo ni kiongozi wa kikundi cha dini cha wanafunzi. Tangu tuanze wodi mambo yamegeuka. Nalala nimechoka, naamka nimechoka. Mgonjwa akinieleza maumivu yake nasubiri tu amalize nijaze fomu. Nikisali maneno yanatoka, moyoni hakuna kitu. Wenzangu kikundini wanasema niongeze sala na kufunga, kwamba aliye karibu na Mungu hachoki namna hii. Mmoja amenitumia makala inayodai utafiti umethibitisha kwamba wanafunzi wa udaktari wenye dini hawapati uchovu sugu. Basi mimi je? Imani yangu ni haba? Niache uongozi? Wakati mwingine nikilala natamani tu kusikuche.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nitaanza na sentensi yako ya mwisho. Sisi tunaosikiliza wagonjwa wa akili kila siku tunajua kwamba jambo zito hutajwa mwisho, mtu akiwa ameshasimama kuondoka.

Kuna anayetamani kusikuche kwa sababu usiku umekuwa mfupi na anataka kulala zaidi. Kuna anayetamani kusikuche kwa sababu hataki tena kuwepo. Wewe mwenyewe unajua uko upande gani, na kama hujui, jihesabu upande wa pili mpaka daktari aseme vingine. Ukiwa huko, jibu hili liweke kando kwanza. Mwambie mtu leo: daktari wa wanafunzi chuoni, aliye zamu idara ya dharura, mwalimu unayemwamini, au rafiki atakayekusindikiza hadi kwa mmoja wao. Kama umeshafikiria namna ya kufanya, usilale peke yako usiku huu, na kitu ulichokifikiria kitoke chumbani mwako. Nasema wazi hivi kwa sababu wanafunzi wa udaktari ni hodari wa kugundua ugonjwa wa kila mtu isipokuwa wao wenyewe.

Mwaka 2016 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti za wanafunzi wa udaktari kutoka nchi 43. Asilimia 27.2 walikuwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, au dalili zake. Katika tafiti zilizouliza kuhusu mawazo ya kujiua, asilimia 11.1 walikiri kuwa nayo. Na kati ya wale walioonekana kuwa na dalili za sonona, waliotafuta matibabu walikuwa asilimia 15.7 tu. Hiyo namba ya mwisho ndiyo inayoniuma. Hawa ni watu wanaoshinda hospitalini kutwa, wanaopita mbele ya kliniki ya magonjwa ya akili wakienda kula, na hawaingii.

Mwenye dini ana kikwazo cha ziada. Amefundishwa kwamba kujiua ni dhambi kubwa, na katazo hilo limewashika mkono watu wengi usiku ambao hakukuwa na kingine cha kuwashika. Lakini katazo hilohilo humfanya mtu aone kwamba hata kulitaja wazo ni aibu, akalifunika, likaendelea kukua chini kwa chini. Kuwazia kifo ni dalili, na dalili huelezwa kwa daktari. Kufanya hivyo hakukatazwi na dini yoyote ninayoijua.

Sasa tuje kwenye uchovu wenyewe. Mwaka 1974 daktari wa saikolojia Herbert Freudenberger, aliyekuwa akijitolea katika kliniki ya bure huko New York, aliandika kuhusu hali aliyoiona kwa wenzake na kwake mwenyewe: watu waliokuja kazini na moyo mkunjufu, baada ya muda wakawa wakavu, wenye hasira, wasioguswa na lolote. Angalia hao walikuwa nani. Walikuwa wanaojitolea, watu waliokuwa wakitoa zaidi ya walichoombwa. Mwaka 1981 Christina Maslach na Susan Jackson walichapisha dodoso linalotumika mpaka leo kuupima uchovu huo, nalo hutazama sehemu tatu: kuishiwa nguvu za kihisia, kuwaona watu kama vitu, na kujiona kazi yako haina maana. Barua yako imetaja mbili bila kuulizwa. "Naamka nimechoka" ni ya kwanza. "Nasubiri amalize nijaze fomu" ni ya pili, tena umeieleza vizuri kuliko vitabu vingi.

Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa lililoanza kutumika Januari 2022, limeuingiza uchovu sugu kama hali inayotokana na kazi, bila kuuita ugonjwa. Maelezo yake ni kwamba hutokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukudhibitiwa. Kitu kinachotajwa hapo ni kazi. Hakuna mahali ambapo chanzo kinatajwa kuwa tabia ya mtu, malezi yake au umbali wake na Mungu.

Uchambuzi mwingine wa mwaka 2019, uliojumlisha tafiti 24 zenye wanafunzi zaidi ya 17,000 ambao walikuwa bado hawajafika mafunzo ya baada ya shahada, ulipata uchovu sugu kwa asilimia 44.2. Karibu nusu. Ukikuta karibu nusu ya darasa wanaharisha baada ya kula chakula kimoja, huanzi kukagua imani zao, unakwenda kukagua jikoni. Hapa kwa nini wenzako wanakagua imani yako?

Makala uliyotumiwa, basi. Sijaiona, ila dai lenyewe nalijua, linazunguka sana na lina chembe ya ukweli ndani yake. Kweli zipo tafiti nyingi, za wanafunzi na za madaktari, zilizokuta kwamba wale ambao imani ndiyo inayowapa maana ya maisha hupata alama za chini kidogo za uchovu na za juu za kuridhika. Zipo pia ambazo hazikukuta uhusiano wowote. Karibu zote zina kasoro moja ambayo wewe umeshafundishwa kuitambua: ziligawa dodoso siku moja, zikakusanya, zikahesabu. Kwa njia hiyo hujui kilichotangulia. Mwanafunzi anayehudhuria ibada na hajachoka, je, ibada ndiyo imemwepusha na uchovu, au ana nguvu za kuhudhuria kwa sababu bado hajachoka? Aliye zamu usiku kucha hafiki kwenye ibada ya asubuhi. Kwenye dodoso ataonekana mtu asiyehudhuria na aliyechoka, na msomaji wa haraka atasema ameona chanzo na matokeo.

Tafiti zilizofuatilia watu kwa miaka ni chache, na zile bora ninazozijua hazikuhusu wanafunzi. Maarufu zaidi ni ya wauguzi wa kike wa Marekani, iliyochapishwa mwaka 2016 na timu ya Tyler VanderWeele wa Harvard. Waliohudhuria ibada angalau mara moja kwa wiki walikuwa na kiwango cha kujiua cha chini kama mara tano kuliko wasiohudhuria kabisa. Ni tofauti kubwa, na mimi siibezi. Ila soma kilichopimwa: kuhudhuria pamoja na wengine. Haikupima nani anasali kwa machozi zaidi, wala nani anafunga siku nyingi zaidi, na haikupima uchovu sugu. Kama kuna funzo humo kwa kikundi chenu, ni kwamba kukaa na watu wanaokujua, wanaokuona ukipotea na kukuulizia, kuna uzito wake. Aliyesema mwenye dini hachoki amechukua matokeo ya swali moja akayabandika kwenye swali jingine.

Kuna utafiti wa aina nyingine ambao naona ndio unaokuhusu, na watu wa dini huutaja mara chache. Mwanasaikolojia wa Marekani Kenneth Pargament ametumia miaka mingi kuchunguza jinsi watu wanavyoitumia dini wakiwa taabani. Hakutosheka na kuuliza kama mtu ana dini na anasali mara ngapi. Aliuliza: shida ikikupata, unamwendea Mungu vipi? Dodoso lake fupi lina vipengele 14, nusu kwa nusu. Nusu ya kwanza ni kutafuta ukaribu, kumwachia Mungu unaloshindwa, kuomba msamaha, kuona kwamba Yeye yuko nawe katika kazi hii. Nusu ya pili ni kuwaza kwamba Mungu ananiadhibu, Mungu ameniacha, jamaa zangu wa dini wamenitupa, nilifanya nini hata akaniadhibu hivi, kama kweli ananipenda.

Nusu hizo mbili zinakwenda njia tofauti kabisa. Ya pili, ile ya kuona adhabu na kutelekezwa, huambatana na sonona, wasiwasi na uchovu zaidi, na jambo hilo limejitokeza katika makundi mengi ya watu, wanafunzi wa udaktari wakiwemo. Mwaka 2001 Pargament na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka miwili wagonjwa 596 wenye umri wa miaka 55 na zaidi. Wale waliokuwa katika mgogoro wa namna hiyo na Mungu walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufa katika kipindi hicho, hata baada ya kuzingatia hali zao za afya.

Kwa hiyo, wenzako wanapokuambia kwamba aliye karibu na Mungu hachoki hivi, wanakufanyia jambo ambalo hawalikusudii. Wanakutoa nusu ya kwanza wanakuhamishia nusu ya pili. Uliingia kwenye mkutano ukiwa umechoka tu, ukatoka umechoka na umehukumiwa. Hilo la pili ndilo litakalokuumiza zaidi. Marafiki wa Ayubu, kama unakijua kisa chake, walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na hapo walikuwa marafiki wa kweli. Walipofungua mdomo kumweleza kwa nini yamempata ndipo walipoharibu.

Hukuniambia dini yako nami sikuulizi. Nimeona wanafunzi wa dini mbalimbali wakiniletea maneno haya haya, ni jina la kikundi tu linalobadilika.

Sasa hilo la kusali bila kusikia kitu. Kabla hujaliita tatizo la kiroho, nataka ujifanyie uchunguzi mdogo, ule ambao ungemfanyia mgonjwa. Kingine gani kimekauka? Wimbo uliokuwa unaupenda, ukiupiga sasa unahisi nini? Chakula kina ladha? Utani wa rafiki yako unakuchekesha, au unacheka kwa adabu? Nyumbani wakipiga simu unafurahi, au unaitazama ikiita mpaka ikatike? Kama vyote vimepoa kwa pamoja, na vilianza kupoa ulipoanza wodi, sioni sababu ya kuitoa sala na kuipa maelezo yake ya peke yake. Moyo unaosali ndio huohuo unaomsikiliza mgonjwa. Ukishajifunza kujikinga na maumivu ya wodi kwa kutohisi, kutohisi huko hakubaki wodini. Unarudi nako chumbani, unakaa nako mezani, unapiga nako magoti. Na kama kupoa huko kumedumu wiki mbili au zaidi, na usingizi na hamu ya kula vimevurugika, hiyo inaweza kuwa sonona kamili. Sonona ina matibabu yake, na hayo huwezi kujipa wewe mwenyewe.

Lakini kuna wale ambao kila kitu kingine ni kizima isipokuwa sala, na wakitafakari vizuri wanaikumbuka siku. Mwanafunzi mmoja niliyemwona alikuwa wodi ya watoto. Asubuhi mtoto aliyemhudumia wiki nzima alifariki. Mama yake alikuwa kwenye korido, amekaa sakafuni, ameshika kandambili za mtoto. Raundi haikusimama. Kitanda cha pili mwandamizi alimgeukia mwanafunzi akamuuliza dozi ya dawa ya degedege kwa kilo, akajibu sawasawa, akasifiwa. Jioni ilikuwa zamu yake kuongoza sala kikundini, na mada iliyopangwa ilikuwa kumshukuru Mungu kwa uponyaji. Aliongoza. Tangu siku hiyo kila akitaka kusema amina koo linakaza.

Huyo hakuwa na uchovu sugu. Alikuwa na msiba ambao hakuna aliyemruhusu kuulilia, na swali kwa Mungu ambalo hakuna aliyemruhusu kuliuliza. Kumwambia aongeze sala kungekuwa kumwongezea jukwaa la kuigiza. Kilichomsaidia ni kiongozi wa dini mzee, mtulivu, ambaye hakumjibu. Alimsomea maombolezo. Na maandiko yanayo mengi kuliko tunavyoyatumia: Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila shukrani yoyote mwishoni, na bado imo ndani ya kitabu cha sala. Katika Kurani, sura ya Adh-Dhuha ilishuka baada ya wahyi, yaani ufunuo, kukatika kwa muda, kumtuliza Mtume kwamba Mola wake hakumwacha. Maana yake ni kwamba ukimya wa kutisha ulishawahi kuwapata watu ambao hakuna anayethubutu kusema imani yao ilikuwa haba. Ukijitambua katika kisa hiki kuliko katika ile hali ya vyote kupoa kwa pamoja, mtafute mtu wa dini wa namna hiyo. Kipimo changu ni rahisi: mweleze nusu tu ya jambo lako kwanza, uone kama ataanza kukujibu kabla hujamaliza.

Inawezekana pia una vyote viwili. Wengi wanavyo.

Kuhusu kufunga na kukesha nitakuwa mkali. Mwaka 1997 watafiti Dawson na Reid walionyesha katika jarida la Nature kwamba mtu akikaa macho saa 17 mfululizo, utendaji wake hushuka hadi kiwango cha mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, na akifika saa 24 ni kama yule mwenye asilimia 0.10. Katika nchi nyingi huyo wa pili haruhusiwi kushika usukani. Sasa mtu anayetoka zamu ya usiku anashauriwa aunganishe na mkesha wa sala ili apate nguvu. Nguvu zitoke wapi? Na kesho yake anachoma sindano.

Ukitaka hoja ya dini badala ya yangu, ipo. Eliya alipokimbilia jangwani akaketi chini ya mti akaomba afe, hakupewa hotuba. Alilala. Malaika alimgusa akamwonyesha mkate na maji, akala, akalala tena. Aliguswa mara ya pili, akala tena, kwa sababu, aliambiwa, safari ni kubwa kwake. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye sana, mlimani. Kwa Waislamu kuna kisa cha Salman, sahaba wa Mtume, alipomtembelea sahaba mwenzake Abu Dardaa, aliyekuwa akifunga mchana na kusali usiku kucha hadi mkewe akalalamika. Salman alimlazimisha ale, akamlazimisha alale, akamwambia kwamba Mola wako ana haki juu yako, nafsi yako ina haki juu yako na watu wako wana haki juu yako, basi mpe kila mwenye haki haki yake. Kesi ilipofika kwa Mtume, alisema Salman amesema kweli. Ukipata mtu wa kukuambia usingizi ni udhaifu wa imani, mwelekeze huko.

Nisije nikaonekana nimeutua mzigo wote mabegani mwako, kwamba ulale vizuri na mambo yataisha. Hayataisha kama ratiba ni ileile. Yethro alipomtembelea mkwewe Musa akamkuta anasikiliza kesi za watu tangu asubuhi hadi jioni, foleni imezunguka, hakumwambia aombe zaidi. Alimwambia anachofanya si kizuri, atajichosha yeye na watu wake, kisha akampa mfumo: wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Ushauri wa kiutawala kabisa, kutoka kwa kuhani. Katika shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Saint Louis nchini Marekani walifanya kitu kinachofanana: walibadili upangaji wa alama katika miaka ya awali uwe wa kufaulu au kutofaulu tu, wakapunguza saa za madarasani, wakaacha nafasi za masomo ya kuchagua, wakaunda vikundi vya wanafunzi na walimu wao. Viwango vya sonona na wasiwasi vya wanafunzi vilishuka, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2014.

Kwa hiyo nina mashaka kidogo na vyuo vinavyogundua umuhimu wa imani pale tu wanafunzi wanapolalamikia zamu. "Udaktari ni wito" ni kauli ninayoiamini, nami nisingebaki kazini bila hiyo. Lakini nimeisikia mara nyingi ikitumika kujaza nafasi ya mtu ambaye hakuajiriwa. Anayejiona ameitwa ndiye mgumu zaidi kusema hapana, na wanaopanga zamu wanalijua hilo.

Hatua zenyewe, kwa kifupi. Wiki hii onana na daktari, na uwe mgonjwa kweli huko, usiende na utambuzi wako mkononi. Apime damu na tezi ya shingo pia, maana upungufu wa damu hauulizi mtu anasoma nini. Onana na mlezi wa mwaka wenu ukiwa na ratiba yako ya wiki mbili zilizopita imeandikwa saa kwa saa: wodi, darasa, kusoma, kikundi, kulala. Karatasi hiyo husema vizuri kuliko neno "nimechoka", ambalo kila mtu hospitalini analisema.

Wodini, chagua mgonjwa mmoja kwa siku ambaye utavuta kiti uketi kabla hujamuuliza chochote, na swali la kwanza lisiwe la fomu. Usijilazimishe kuhisi. Keti tu. Huwezi kuwahurumia wodi nzima ukiwa katika hali hii, na usijaribu.

Katika ibada, punguza mpaka kwenye kile ambacho dini yako inakitaka hasa, ukiache kiwe kifupi, na usikipime kwa hisia. Yale ya hiari yatarudi yenyewe au utayarudisha baadaye. Endelea kwenda panapokusanyika watu, lakini nenda kama muumini wa kawaida anayeketi nyuma, asiye na kipaza sauti wala orodha ya waliohudhuria.

Jambo moja la kukutia moyo, nalo ni la takwimu: utafiti uliochapishwa mwaka 2008 katika vyuo saba vya udaktari vya Marekani uliwarudia wanafunzi wa vitano kati ya hivyo baada ya mwaka mmoja. Kati ya waliokuwa na uchovu sugu, zaidi ya robo walikuwa wametoka, na kwa waliotoka mawazo ya kujiua yalikuwa yamepungua sana. Robo ni wachache kuliko ninavyotaka. Lakini hao walitoka wakiwa bado masomoni.

Kuhusu uongozi: ndiyo, achia, kwa muhula mzima huu. Usisubiri mpaka upatikane mrithi anayefaa, kwa sababu kikundi ambacho hakiwezi kukusanyika bila mtu mmoja aliyechoka kina tatizo jingine la kuzungumza. Na usitoe maelezo marefu, yatajadiliwa. Andika hivi: "Ndugu zangu, afya yangu haiko sawa na nimeanza kuonana na daktari. Muhula huu nitakuja kusali pamoja nanyi, lakini sitaongoza wala kupanga. Naomba fulani ashike nafasi yangu kuanzia wiki hii." Wakikuombea, itikia amina. Wakianza kukutumia aya na mistari ya kukutaka uongeze juhudi, huna deni la kujibu. Yule mmoja atakayekupigia simu kuuliza umekula nini leo, huyo mpe namba ya daktari wako, ili siku usiyoweza kupiga mwenyewe apige yeye.